Mdudu tulimfuata saa sita usiku: barua ya wazi kwa wakubwa wa afya wa Los Angeles, Sacramento na Washington

Kwa wajumbe watano wa Bodi ya Wasimamizi wa Kaunti ya Los Angeles. Kwa wakuu wa afya ya umma wa kaunti na wa jimbo la California. Na kwenu ninyi wa Washington mnaoshika funguo za hazina.

Waheshimiwa, shikamooni.

Barua hii, ya kuomba Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wafikiwe na vipimo vya magonjwa, nimeiandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza ninacho cha kutosha. Miaka 11 ya kubeba boksi, na 8 kati ya hiyo nikiwatoa watu damu ya vipimo katika Bonde la San Fernando, hapahapa Los Angeles, haimwachi mtu bubu. Lakini nataka mmoja wenu aipokee, aigeuze huku na huku, aone tarakimu mbili tatu na jina la hospitali anayoijua, kisha ajiulize kama ni habari ya kutisha au ni tangazo la mauzo ya magodoro. Halafu apige simu kutafuta mkalimani. Asubiri. Muziki upige. Aambiwe wa Kiswahili leo hayupo, yupo wa Kisomali, je, atafaa?

Kuna mama ninayemfahamu aliyekaa na barua ya namna hiyo miezi 14.

Anatoka El Salvador. Tunaishi jengo moja, na tunakutana chumba cha kufulia nguo Jumapili usiku, saa ambayo mashine zinapatikana. Asubuhi anafanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli, jioni anasafisha ofisi. Jumapili moja gari la kukusanya damu lilikuja kanisani kwao baada ya misa. Akachangia, akapewa juisi na biskuti, akarudi nyumbani amefurahi. Wiki chache baadaye ikaja barua, Kiingereza kitupu, karatasi mbili: tunakushukuru, damu yako haitatumika, usichangie tena, muone daktari wako. Kijana wake wa miaka 12 ndiye aliyemsomea. Akayaruka maneno magumu, akafupisha: mama, wanasema damu yako mbaya.

Daktari wake! Mama huyu hajawahi kuwa na daktari wa kumwita wake. Alichofanya ni kile walichofanya wazazi wetu miaka ya themanini, UKIMWI ulipoingia vijijini na hakuna aliyekuwa akieleza kitu: alitenga kikombe. Kikombe, kijiko na taulo. Akaacha kuwabusu watoto. Barua akaikunja akaiweka ndani ya Biblia, na kwa miezi 14 akawa anangoja kufa kimya kimya huku akiwahi basi la saa kumi na moja alfajiri.

Siku aliponionyesha, mstari mmoja ulinitosha. Nikamwambia: Chagas. Akanitazama tu, neno lile halikumwambia kitu. Nikatafuta picha kwenye simu nikamwonyesha mdudu mwenyewe, mweusi, ana mabaka pembeni mwa tumbo, na sijamaliza hata kuikuza picha akapaza sauti: chinche picuda! Alimjua. Nyumba ya bibi yake ilikuwa ya udongo na paa la nyasi, na usiku wadudu wale walikuwa wakiwadondokea kitandani. Amewaua kwa ndala tangu utotoni. Kumbe mtu huyu alikuwa na jibu la swali la muhimu kuliko yote, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa jina analolijua yeye. Si kwenye gari la damu, si ndani ya barua.

Mtaniuliza, Mtanzania na maradhi ya Walatino, wapi na wapi? Mimi ni wa Tabora. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi sanifu maabara kwenye hospitali moja ya wilaya, nchi ya miombo na mbung'o, na ugonjwa uliotukosesha usingizi ulikuwa malale. Vimelea vya malale na vya Chagas ni ukoo mmoja, tripanosoma wote. Ungeweza kabisa kuiita Chagas malale ya Amerika. Ndugu hao wanatofautiana tabia. Malale ya kwetu humwangusha mtu katika wiki au miezi, na vimelea vyake nilikuwa naviona kwa macho yangu: tone la damu mbichi chini ya darubini, na kiumbe chembamba kinachohangaika kati ya chembe nyekundu kikizisukuma kama kambale kwenye tope. Chagas huletwa na mdudu wa jamii ya kunguni, ila mkubwa kuliko kunguni wetu mara kadhaa, anayemuuma mtu usiku, mara nyingi usoni, kisha hujisaidia palepale. Ukijikuna, kinyesi kinakiingiza kimelea kwenye jeraha au jichoni. Baada ya hapo kimya. Miaka 10, 20, 30. Kimelea kimejificha kwenye misuli ya moyo na kuta za utumbo, mwenyewe anaendelea kufua mashuka. Kati ya watu 10 wenye nacho, 2 au 3 moyo wao mwishowe huharibika: hupanuka, hupoteza mpangilio wa mapigo, au husimama ghafla. Daktari Carlos Chagas aliueleza ugonjwa huu kule Brazil mwaka 1909. Hamuwezi kusema umewashtukiza.

Marekani inakadiriwa kuwa na watu wapatao 300,000 wanaoishi na kimelea hiki, wengi wao wahamiaji kutoka Mexico, Amerika ya Kati na Amerika ya Kusini, na inakadiriwa kwamba waliokwisha kugunduliwa na kutibiwa hawafiki mmoja kwa kila 100. Hapa Los Angeles hamna hata haja ya kukisia. Kituo cha Chagas cha hospitali ya Olive View, kule Sylmar, kilianzishwa mwaka 2007 chini ya Dk. Sheba Meymandi, na kati ya 2008 na 2014 timu yake iliwafuata watu kwenye makanisa na maonyesho ya afya ikapima wakazi 4,755 waliozaliwa Amerika ya Kilatini. Waliokutwa nacho ni 59, sawa na asilimia 1.24. Kwa waliozaliwa El Salvador walipita 3 kwa kila 100. Hospitali ile ni ya kaunti, waheshimiwa, ni yenu, na kwa kazi ile nawavulia kofia. Lakini kituo kimoja kaskazini kabisa mwa bonde, kwa kaunti yenye watu karibu milioni 10, ni kisima kimoja kwa mkoa mzima.

Na kuchelewa kuna gharama. Dawa zipo mbili. Benznidazole iliidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2017 na nifurtimox mwaka 2020, zote kwa watoto. Watu wazima hupewa kwa uamuzi wa daktari. Utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2015 ulionyesha kwamba moyo ukishaharibika, dawa hupunguza vimelea damuni lakini moyo wenyewe hauokoi. Mwanamke akitibiwa kabla ya kushika mimba, ni nadra sana kumwambukiza mtoto. Mtoto aliyezaliwa nacho akianzishiwa dawa ndani ya mwaka wa kwanza, karibu wote hupona. Catalonia, kule Hispania, tangu mwaka 2010 wana mpango wa kuwapima wajawazito waliozaliwa Amerika ya Kilatini. Hapa California, jimbo lenye Walatino wengi kuliko jimbo jingine lolote, mama huyu amejifungua watoto watatu hospitalini na hajatokea mtu wa kumuuliza alizaliwa wapi kwa nia njema.

Chagas nimeitanguliza kwa sababu ndiyo ninayoijua mpaka ndani ya mifupa yake, ila mlango anaokwama mama huyu ndio wanaokwama wengine kwa VVU, kaswende, homa ya ini na kifua kikuu. Walatino ni kama asilimia 19 ya watu wa nchi hii, lakini katika makadirio ya mwaka 2022 walikuwa theluthi moja ya maambukizi mapya ya VVU. Vifaa havijakosekana. Ninayoyaona kwenye kiti changu cha kutolea damu ni mambo ya saa, nauli, lugha, woga, na swali moja ambalo mgonjwa huniuliza akiwa tayari amekunja mkono wa shati: nikikutwa nao, halafu?

Swali hilo lilishajibiwa katika jimbo hilihili. Aprili 2020, UVIKO umefunga kila mlango, watafiti wa Chuo Kikuu cha California cha San Francisco pamoja na Latino Task Force, umoja wa mashirika ya Walatino, chini ya jina Unidos en Salud, walitandika meza za kupimia katika eneo la Mission, San Francisco. Siku nne, tarehe 25 hadi 28. Watu wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakizungumza Kihispania. Walipimwa watu 2,959. Waliokutwa na virusi ni 62, na kati ya hao asilimia 95 walikuwa Walatino, ingawa Walatino hawakufika nusu ya waliopimwa. Zaidi ya nusu ya wenye virusi hawakuwa na dalili yoyote. Wangengoja homa ndipo waende hospitali, wasingekwenda. Na 9 kati ya kila 10 hawakuwa na kazi ya kufanyia nyumbani.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkisome mara mbili. Aliyekutwa na virusi alipigiwa simu na mtu wa lugha yake, akaletewa chakula na sabuni mlangoni, akafuatiliwa kila wiki. Jiji likaanzisha mpango wa Right to Recover, uliompa mtu asiye na likizo ya ugonjwa mshahara wa wiki mbili wa kima cha chini ili akae ndani bila kulala njaa. Baadaye meza zikahamia uwanja wa kituo cha treni cha 24th Street, pale watu wanapopita kwenda na kurudi kazini: huna miadi, unapimwa, huna bima, unapimwa, na kwa vipimo vya haraka ukaweza kupata jibu kabla mchuuzi wa tamales hajafunga meza yake. Miezi hiyohiyo kuna watu wa jimbo hili waliongojea majibu ya maabara wiki nzima, na kipimo cha UVIKO cha wiki moja nyuma ni historia tu.

Halafu dharura ikaisha, na meza zikakunjwa. Tarehe 22 Machi 2022 mfuko wa serikali kuu uliolipia vipimo vya wasio na bima uliacha kupokea madai. Nawauliza kwa heshima: kama mlijua dawa ya woga na ya njaa wakati wa UVIKO, mliisahau lini?

Sasa niwapeleke Tanga kidogo.

Nilipokuwa mwanafunzi wa maabara tulipelekwa vijiji vya pwani kupima minyoo ya matende na mabusha. Minyoo ile ina ratiba. Vitoto vyake mchana hukaa ndani kabisa ya mwili. Usiku, kuanzia saa nne hadi kama saa nane, ndipo hutoka kwenye damu ya karibu na ngozi, saa za mbu kuuma. Ukimchoma mtu kidole saa tatu asubuhi huoni kitu. Utaandika hana ugonjwa na utakuwa umedanganya. Basi tukawa tunalala mchana. Jioni tunapanda gari na sanduku la slaidi, taa, pamba na spiriti, mwenyekiti wa kijiji ametangulia kutangaza, na saa sita usiku watu wamepanga foleni barazani pa madrasa, wamejifunga khanga, watoto wamelala migongoni, mzee mmoja anatuuliza kwa utani kama sisi ndio wale mumiani aliosimuliwa na babu yake. Tulicheka, tukanywa chai, tukachoma vidole mpaka jogoo wa kwanza. Hakutokea mganga mkuu wa wilaya aliyesema minyoo ibadilishe saa zake. Mdudu alikuwa na ratiba, nasi tuliifuata.

Mama wa jengo letu naye ana ratiba. Basi saa kumi na moja alfajiri, mashuka hadi saa tisa alasiri, chakula cha watoto, kisha ofisi hadi saa sita usiku. Kituo ninakofanyia kazi hufunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa tisa na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa. Mnyoo usio na akili ulipewa heshima ambayo mwanamke huyu bado hajapewa.

Kongo, nchi ambayo ninyi huitaja mkizungumzia vita na madini, iliupunguza ugonjwa wa malale kwa kutuma vikundi vya wapimaji kijiji kwa kijiji, kwa gari, na njia ikikataa kwa pikipiki na mtumbwi. Waligundua na kutibu watu ambao walikuwa hawajajijua kuwa wagonjwa. Mwaka 1998 dunia iliripoti wagonjwa karibu 40,000. Mwaka 2018 walikuwa 977, na wengi wa hao walikuwa wa Kongo. Barabara ya Kwilu, kule Kongo, nadhani ni mbaya kuliko barabara ya Pacoima, hapa bondeni kwetu.

Mashine nazo zipo. GeneXpert, ambayo Tanzania tumeizoea kwa kupima kifua kikuu, inatengenezwa na kampuni ya Sunnyvale, California. Nilifundishwa kuitumia kwetu kabla sijaiona California. Hapa Marekani ni Juni 2024 ndipo aina yake moja iliporuhusiwa kupima homa ya ini C kwa tone la damu ya kidole, nje ya maabara kubwa, jibu ndani ya kama saa moja. Iko wapi hiyo mashine kwenye gari linalopaki nje ya kiwanda cha mashuka? Kwetu makohozi hupelekwa Morogoro yakanuswe na panya buku waliofunzwa kutambua kifua kikuu, na panya hao wanaifanya kazi hiyo vizuri ajabu. Nchi yenye pesa zenu haiwezi kushindwa na gari na mashine ya ukubwa wa sanduku.

Chagas bado haijapata urahisi huo. Kwa kuwa kimelea kimeshajificha, tunachotafuta damuni ni kingamwili, na kipimo kimoja chaweza kudanganya. Inabidi vipimo viwili vya aina tofauti vikubaliane ndipo mtu aambiwe anacho. Kitaalamu ni sawa, hata mimi ningedai hivyo. Ila hesabuni kwa macho ya mama huyu: siku ya kwanza kumuona daktari, siku ya pili kutoa damu, siku ya tatu majibu, na kama vipimo viwili havikubaliani, kuna siku ya nne. Siku nne bila mshahara kwa ugonjwa usiouma.

Woga sijaugusa bado, na ndio mzito. Januari 2025 iliondolewa ile sera iliyokuwa ikiwazuia maofisa wa uhamiaji kufanya misako hospitalini, shuleni na makanisani. Juni mwaka huohuo ikafahamika kwamba taarifa za watu waliojiandikisha Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, wa California wakiwemo, zimekabidhiwa wizara ya usalama wa ndani, yenye hao maofisa wa uhamiaji. Mtu alitoa jina na anwani yake ili apimwe sukari, kumbe anwani imesafiri. Misako ilipoanza Los Angeles mwezi uleule, viti vya chumba chetu cha kusubiri vilikaa vitupu kwa siku kadhaa. Tulikunja mikono. Wagonjwa hawakuwa wamepona. Na tangu Januari 2026 mtu mzima asiye na makaratasi haandikishwi upya kwenye bima kamili ya Medi-Cal, yaani Medicaid ya California, mlango ambao jimbo lilikuwa limeufungua kwa watu wa rika zote miaka miwili tu kabla.

Kwa hili ninyi wa kaunti hamuwezi kuiamrisha Washington, nafahamu. Mnaweza kuacha kuuliza msichokihitaji. Kwetu, vituo vya Angaza vilipoanza kupima VVU mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtu aliweza kupimwa kwa namba, jina akalibaki nalo mwenyewe. Damu haihitaji anwani ili isomeke. Namba, simu ya kupokelea majibu, na ahadi ya maandishi kwamba daftari hilo halitoki nje ya idara bila amri ya mahakama. Na kuna jingine tulilolifanya. Tarehe 14 Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima VVU hadharani Dar es Salaam kuzindua kampeni ya taifa, na baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mwanamume wa kijijini kusema kupima ni kwa malaya. Miongoni mwenu wapo ambao bibi zao walilala chini ya paa la nyasi Zacatecas au Oaxaca kule Mexico, au Guatemala. Tangulieni. Leteni mikono, nitawachoma mimi, sitawaumiza.

Kuhusu lugha nitasema machache, maana barua yenyewe inasema. Machi 2025 Rais alitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuifuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka idara zihudumie wasiokijua Kiingereza. Lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haijafutwa, na hospitali inayopokea pesa za serikali bado inawiwa kumpa mgonjwa mkalimani. Kisha mnapotafsiri, msitafsiri kwa Kihispania tu mkaona mmemaliza. Kila wiki nakutana na watu wa Oaxaca ambao lugha yao ni Kizapoteki au Kimixteki, na watu wa Guatemala wanaozungumza K'iche'. Wengi wao huzungumza lugha hizo bila kuzisoma, kwa hiyo kipeperushi kilichotafsiriwa kwa gharama kubwa kinaishia kufungia tortilla. Watumieni ujumbe wa sauti, wa mtu wa kwao, kwenye simu. Na mtoto wa miaka 12 asiwe mkalimani wa barua ya ugonjwa. Hilo lipigeni marufuku kesho.

Ninachoomba basi hakihitaji tume. Wajawazito na wanawake wa umri wa kuzaa waliozaliwa Amerika ya Kilatini wapimwe Chagas wanapokuja kliniki, damu ileile inayotolewa kwa VVU na kaswende, tyubu moja zaidi. Chupa zote za vipimo viwili zijazwe siku moja, kwa sindano moja, ili asirudi mara nne. Vituo vya kaunti viwe na usiku miwili kwa wiki, na Jumapili kuwe na gari nje ya kanisa, nje ya soko la nguo kuukuu, nje ya konsulati ya Mexico. Konsulati zile tayari zina dirisha la afya, Ventanilla de Salud, watu wamelizoea na wanaliamini. Anayepoteza siku ya kazi kwa ajili ya kipimo cha pili alipwe siku hiyo, kama Mission. Benki ya damu inapotuma barua, kaunti ipokee nakala na mtu apige simu ndani ya wiki, amtaje mdudu kwa jina la nchi anakotoka mgonjwa. Na wanawake wanaoitwa promotoras, majirani wanaojua nani mjamzito na nani kafukuzwa kazi, wapewe ajira zenye mkataba na pensheni. Medi-Cal imeruhusu kuwalipa tangu Julai 2022, lakini ninaowafahamu mimi wanaishi kwa ruzuku ya miezi 12, na ruzuku ikiisha na uaminifu waliojenga unaondoka nao. Wakati wa UVIKO mliwaita mashujaa. Shujaa naye hulipa kodi ya nyumba.

Yule mama kikombe amekirudisha kabatini pamoja na vingine. Nilimweleza kwamba Chagas haiambukizwi kwa kijiko wala kwa busu, akalia, akacheka, akaenda kumwamsha kijana wake saa tano usiku ambusu, kijana akachukia sana. Nikamsaidia kupiga simu. Damu ya kuthibitisha amepangiwa Jumanne ijayo, saa nne na robo asubuhi. Watoto wake watatu hawajapangiwa. Jumanne saa nne na robo atakuwa kwenye mashuka. Niliomba nimtoe damu mwenyewe, Jumapili usiku, pale chumba cha kufulia. Sindano nazijua na mkono wangu ni mwepesi. Nimeambiwa kanuni haziruhusu, na sababu za kanuni hizo nazielewa. Nipeni kanuni inayoruhusu.

Wenu mtiifu,
Mtoa damu, Bonde la San Fernando, California

Nakala: Waswahili wenzangu wa zamu za usiku katika hospitali za Marekani, mtakaoombwa kuitafsiri barua hii. Tafadhali msiifupishe.